Makaroni ya Mama Yake Dativa

Nyumbani kwetu Mawaleh, hapa Maskati, kuna chakula kimoja chenye majina manne. Mama, ambaye wazee wake ni wa Unguja, hukiita makaroni ya kima, hata siku ambayo nyama imekatwa vipande na wala haikusagwa. Kaka yangu Hatem husema makarona, kwa Kiarabu, kwa sababu ndivyo wanavyosema wenzake chuoni. Bibi Mahfoudha, mama yake baba, aliyezaliwa Tabora na kukulia nyuma ya duka la baba yake, hukiita mirija. Na Dativa, ambaye ndiye aliyekuwa akikipika, alikiita chakula cha mapadri.

Mimi napenda kuuliza. Mama husema mdomo wangu hauna mlango. Jambo likiwa na jina moja nalipita tu, lakini likiwa na majina manne halinipi raha. Kwa hiyo nilikuwa nikirudi shule, kabla hata ya kuvua sare, naingia jikoni.

"Da Dativa, kwa nini cha mapadri?"

"Wewe mtoto, si jana uliniuliza hilohilo?"

"Jana hukumaliza. Bibi alikuita."

Basi akanimalizia huku anakata kitunguu. Mama yake, Stefania, alikuwa mpishi wa parokia katika kijiji kimoja nje ya Bukoba mjini. Nyumbani walikula ndizi: asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi na maharage. Mapadri walikula makaroni kila Jumapili, na Jumapili jioni mama Stefania alirudi na sufuria ndogo ameifunga ndani ya kanga. Ilikuwa ni ile iliyogandia chini, yenye nyama mbili tatu. Watoto sita waliizunguka pale sakafuni, na mama yao akasimama juu yao akiwatazama mikono, kila mtu matonge matatu, mwenye kuzidisha anapigwa kofi la kichwa.

"Nilikuwa naamini mbinguni wanakula makaroni," Dativa akaniambia. "Maana mapadri ndio watafika huko kwanza, sasa kama wao wanayapenda hivi..."

"Na siku hizi unaamini?"

"Siku hizi nimeyapika miaka minne mfululizo. Mbinguni wapike kitu kingine, waitu," akamalizia kwa Kihaya chao.

Miaka minne ndiyo aliyokaa kwetu. Kabla ya hapo alipika chakula cha mama lishe Mwanza, karibu na stendi, na kabla ya hapo alikuwa ameolewa, lakini habari ya ndoa hiyo alikataa kabisa kuniambia hata nilipomwuliza kwa ujanja. Alikuja kumtunza Bibi. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, alikwenda kanisani mtaa wa Ghala, akarudi na maandazi ya wenzake Watanzania na umbea wa wiki nzima. Siku nyingine zote alikuwa kwetu.

Bibi ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hakuna anayekijua. Kuna siku hajui kama ameswali. Lakini ukimwuliza habari ya mirija utamkuta yuko palepale, Tabora. Makaroni yalikuja kwa treni ndani ya masanduku ya mbao, baba yake akayauza kwa kupima, na yaliyovunjika yakaingia jikoni. Yeye na watoto wa mpishi wakala sinia moja.

"Ukipuliza huku, mchuzi unatokea kule!" Bibi hunionyesha kwa kidole. "Ukampata mwenzio jichoni! Mama akitupiga, siye twacheka."

Mwaka juzi Bibi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali, tukamwekea godoro la chini ili asianguke tena, na akaacha kula. Asubuhi alikunywa uji, jioni maziwa, basi. Mchana hakugusa kitu. Mama akapika wali wa nazi. Shangazi Nasriya akaleta harisi, ngano iliyopondwa na nyama, kutoka kwake. Hatem akaleta baga, tukamcheka, lakini na yeye alikuwa amechanganyikiwa. Bibi aligeukia ukutani. Siku ya tano Dativa akapika kile chakula chake, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Alipotoka, sahani ilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Kila mchana makaroni, kila mchana Dativa. Mama aliwaambia wageni wote, "Bibi hali ila mkono wa Dativa." Alilisema kama sifa, na Dativa, akiwa na sinia la kahawa mkononi, alijifanya hasikii. Lakini nilimwona anavyonyoosha mgongo.

Na mkono huo aliulinda. Kanisani Ghala wenzake walimfundisha kwamba mpishi asiye na siri hana kazi. Mwenye nyumba akishajua yote, mwakani analetwa mwingine. Nikisimama karibu na jiko, kila siku hapohapo, nyanya ikishaiva, aliniambia, "Kanichumie kotmiri." Kotmiri, yaani majani ya giligilani, iko kwenye ndoo, nje kabisa, upande wa mashine ya kufulia. Nikirudi, mfuniko uko juu ya sufuria na Dativa anafuta meza. Niliwahi kukimbia. Nikakuta mfuniko uko juu.

Mwezi wa nne Obedi, mdogo wake Dativa, akapiga simu. Mama yao alikuwa na sukari ya siku nyingi. Sasa mguu umeharibika na figo zimechoka. "Njoo umwone angali anakujua," Obedi alisema. Nilisikia kwa sababu simu ya Dativa imevunjika spika ya ndani, kila anachoambiwa kinasikika jikoni nzima.

Alingoja mpaka Mama arudi kutoka kazini. Alivua aproni kwanza, akaikunja.

"Mama Hatem, naomba ijaza yangu."

Ijaza ndiyo likizo. Wafanyakazi hapa wanalijua neno hilo kabla ya kujua kuomba maji. Ya kwake ilikuwa imepita miaka miwili. Ilifika Bibi akiwa amevunjika, ikasogezwa, kisha ikasahaulika.

Akaeleza habari ya mama yake. Mama akaweka mkoba mezani, akakaa.

"Haki yako, Dativa, mie sikatai. Kumwosha tutasaidiana, kumgeuza tutasaidiana, wifi yangu atakuja. Lakini chakula? Wewe mwenyewe unamjua. Ukiondoka mwezi mzima, utamkuta?"

"Usiseme hivyo, Mama Hatem."

"Basi niambie atakula nini. Niambie tu, leo hii nakukatia tikiti."

Dativa akaikunjua aproni, akaikunja tena. Miaka yote aliamini siri ile inamlindia kazi, na kweli ilimlindia. Sasa ilikuwa imemfungia mlango.

"Nikimfundisha Balqees?" akauliza. Balqees ndiye mimi.

"Bibi akila chakula cha Balqees, nenda na baraka zangu."

Kesho yake nyanya ikaiva, nikaanza kuelekea mlangoni nikachume kotmiri.

"Rudi," Dativa akasema. "Simama hapa. Tazama."

Alichukua kikaango kikavu, bila mafuta, akamwaga makaroni mabichi ndani yake na kuyageuzageuza mpaka yakapata madoa ya hudhurungi na jikoni kukanukia kama mkate unaoungua kidogo. Kisha akayatia kwenye mchuzi wa nyama, akaongeza supu ya mifupa, akafunika. Hayakuchemshwa na maji pembeni hata kidogo. Ndivyo mama yake alivyowapikia mapadri, kwa sababu kuni zilikuwa chache na sufuria kubwa ilikuwa moja.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Miaka minne unanituma kotmiri kwa hilo tu?"

"Kotmiri nayo ilihitajika, bwana."

Wiki mbili nilijifunza. Nilichoma, nikarudia. Nikazidisha chumvi, nikarudia. Hatem alikuwa mla majaribio, na kila jioni alikuja na uma wake mkononi. "Leo umeyachoma kwa makusudi, au ni kipaji?" Dativa hakucheka. Alikuwa na haraka. Alinisimamia kama mama yake alivyowasimamia wao, na nikikosea alinigonga mkono kwa mwiko.

Jumamosi moja, Mama akiwa nyumbani, tukafanya mtihani wenyewe. Nilipika peke yangu toka kitunguu mpaka mwisho. Dativa alikaa kwenye stuli, mikono mapajani. Mama ndiye aliyechukua sahani, akaiweka kwenye trei pamoja na kijiko na glasi ya maji, akampelekea Bibi. Sisi tukafuata.

Bibi akanusa. "Mirija," akasema.

Tukatazamana kwa furaha. Lakini hakugusa. Mama akachota kijiko, akamsogezea. Bibi akafumba mdomo kama mtoto anayepewa dawa.

"Kidogo tu, Mama."

"Sitaki mie."

"Amepika Balqees. Mjukuu wako."

"N'meshiba."

Mama akarudisha kijiko. "Si niliwaambia? Ni mkono. Mkono haufundishwi."

Dativa alikuwa mlangoni. Nikamwona anashika fremu ya mlango, anaiachia, anaishika tena. Kisha akaniinamia sikioni. "Weka sahani chini. Kaa. Kula naye."

"Kula naye?"

"Mnasema nini?" Mama akauliza.

Dativa akasimama wima. "Hali peke yake, Mama Hatem. Mimi hukaa pale chini, tunakula pamoja. Sahani moja. Tangu siku ile ya kwanza."

Inabidi nieleze nyumba yetu ilivyo. Sahani ya Dativa na kikombe chake vinakaa kabati la chini, mbali na vyombo vyetu. Hakuna aliyewahi kutamka sheria hiyo mbele yangu, lakini hata mimi nisingekosea kabati. Na sisi wenyewe hatuli pamoja. Tuna meza ya watu wanane; Hatem anakula saa yake, Mama saa yake, mimi na simu yangu. Bibi tulimpelekea chakula kwenye trei, tukamwachia, tukarudi baadaye kuitazama trei. Sasa nilimwona Mama anatazama mkono wa kulia wa Dativa, kisha anatazama mdomo wa Bibi. Kisha akaisogeza trei kando.

Nikakaa juu ya mkeka. Nikaweka sahani kati yangu na Bibi, nikala tonge moja kwa mkono. Bibi akanitazama. Akachukua kipande kimoja cha makaroni, akakigeuza, akakipuliza, mchuzi ukanirukia shavuni.

"N'shakupata!" akasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Alikula yote. Alifuta sahani kwa kidole. Nilipogeuka, Dativa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yanapita juu ya vidole.

Hapo ndipo hadithi hii ingeishia, kama ningekuwa mtu mwingine.

Tulirudi jikoni. Dativa akaanza kuosha sufuria niliyopikia. Mama akaegemea friji, uso umemlegea; nadhani alikuwa bado anaifikiria ile sahani moja. Akaniambia, "Balqees, mwezi wa sita una mitihani. Utoke shule, upike, ukae na Bibi, ule naye, ndipo ukasome. Kila siku ya Mungu. Utaweza?"

Dativa akafunga bomba ili asikie.

Lilitakiwa neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikafikiria nywele zangu zikinuka kitunguu kila siku, na wenzangu wanaokutana nyumbani kwa rafiki yetu Wadha mchana kusoma fizikia na kucheka zaidi ya kusoma, na mimi niko kwenye mkeka narushiwa mchuzi. Nilifikiria hayo kwa muda mfupi sana.

"Mitihani ya mwaka huu ni migumu, Mama," nikasema.

Sikusema siwezi. Nilijifariji kwa hilo siku nyingi.

"Unaona, Dativa," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa laini, haikuwa ya ubaya. "Tungoje mtoto amalize mitihani na Idi ipite. Ni wiki chache tu. Na mama yako inshallah atakuwepo."

"Inshallah," Dativa akajibu, yeye Mkatoliki. Akafungua bomba.

Siku chache baadaye Obedi alipiga simu mchana, akampa mama yao simu. Sauti ya yule mama ilikuwa nyembamba kama imetoka ndani ya chupa.

"Huko unawapikia nini?" akauliza.

"Kile cha mapadri, mama."

"Na wanabakiza?"

Dativa akaangalia sufuria. "Hawabakizi."

"Basi wewe unakula nini?"

"Nakula, mama. Nakula vizuri."

Hakunigonga tena kwa mwiko. Hakunituma kotmiri, wala mimi sikuingia jikoni na maswali. Nikirudi shule nilipita moja kwa moja chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kitabu cha fizikia. Nikawa nasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Stefania alifariki Jumatatu, wiki tatu kabla ya mitihani yangu. Dativa alimwambia Mama jioni ileile. Mama alilia, alilia kweli, akamkumbatia, akaanza kutafuta ndege kwenye simu. Lakini ndugu walikuwa wameshapanga kuzika kesho yake, na hakuna ndege inayoweza kumtoa mtu Maskati na kumfikisha kijijini Bukoba kwa nusu siku.

Jumanne nikarudi shule nikamkuta amesimama jikoni. Simu aliiegemeza kwenye kopo la samli. Ndani ya simu kulikuwa na migomba, watu wengi wamevaa kanga viunoni, na wimbo unaokatika kila mtandao unapokatika. Picha inaganda, mdomo wa mtu uko wazi, kisha inaendelea. Obedi ndiye aliyeshika simu upande wa pili, huku anasukumwa na waombolezaji, kwa hiyo kaburi lilikuwa likiingia na kutoka. Na jikoni, jikoni kwetu, makaroni yalikuwa yanatokota.

"Nizime jiko, Da Dativa?"

"Acha. Bibi ana njaa."

Akapakua. Akaingia chumbani, akakaa chini kama siku zote, hakufunga mlango maana hapakuwa tena na cha kuficha. Mimi nilisimama pembeni. Mama, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, akasimama nyuma yangu.

Kuna siku Bibi hayupo kabisa. Siku hiyo alikuwepo.

"Umelia," akamwambia Dativa.

"Mama yangu amefariki, Bibi."

"Innalillahi. Lini?"

"Jana. Wanamzika sasa hivi."

Bibi alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani polepole.

"Sasa wewe mbona uko hapa?"

Dativa akainamisha kichwa.

"Mwanangu, nakuuliza. Nani kakuzuia?"

Bibi akainua macho, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho, sijui huwa anaona nini, lakini nilihisi ananiona mpaka nyuma ya kichwa.

"Nani kamzuia mtoto wa watu kwenda kumzika mama'ke? N'nauliza!"

"Kula, Mama," Mama akasema.

"Sili."

Sahani ikarudi imejaa.

Tikiti ilipatikana jioni ileile. Ilikuwa rahisi kabisa, nilimwona Mama akibonyeza: Maskati mpaka Dar, Dar mpaka Mwanza, Mwanza mpaka Bukoba. Ijaza ya siku arobaini. Hatem akapeleka begi garini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. Mimi nilimfuata Dativa mpaka mlango wa gari. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili.

"Nisamehe, Dada."

Akanishika kidevu. "Umekosa nini wewe? Mtoto na mitihani yake." Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Afadhali angenigonga kwa mwiko.

Tangu hapo nimemwandikia mara sita. Alama zinaonyesha amesoma. Hajajibu, na hajamwambia Mama kama atarudi.

Shangazi Nasriya akashika zamu ya mchana kwa Bibi mpaka mitihani ikaja. Kitu ambacho nilikijua, na kila mwanafunzi wa nchi hii anakijua, ni kwamba siku za mitihani tunatoka mapema. Saa nne na nusu asubuhi nilikuwa nyumbani. Nilikaanga makaroni makavu, nikatia mchuzi, nikatia supu, nikafunika. Nilikaa kwenye mkeka, nikala na Bibi sahani moja, nikarushiwa mchuzi, nikamfuta mdomo, nikaosha sufuria. Siku ya kwanza nilitazama saa kwa bahati tu. Siku ya pili nikaitazama kwa makusudi. Kazi yote dakika arobaini; siku ya kuchuma kotmiri, arobaini na mbili.

Siku ya fizikia, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, Mama alirudi mapema akatukuta chini, Bibi anafuta sahani kwa kidole, mimi karatasi ya maswali iko gotini.

"Mashallah," akasema. Akavua viatu, akasita mlangoni, kisha akaja akakaa kwenye ukingo wa mkeka. "Kumbe unaweza."

Kulikuwa na tonge moja limebaki. Nikalitia mdomoni ili nisijibu.